Daftari la Shingo

Kila Kwaresma huja mmoja mmoja
kibandani kwangu Tukuyu, wanakwaya wa Moravian,
mvua ikigonga bati kama mtu anayedai deni.
Nawavua masweta, nawapima:
bega, kifua, kiuno, shingo.
Nyimbo zao sizijui vizuri. Shingo zao nazijua.

Zimo humu, kwenye kaunta buku
linalonuka mafuta ya cherehani.
Subilaga wa Katumba, sauti ya kwanza:
kumi na tatu.
Mwaka uliofuata, kumi na tatu na robo.
Nikasema futi imelegea, nikanunua nyingine.
Mwaka huu futi mpya inasoma kumi na nne,
na kola niliyokata kwa kipimo cha zamani
inamkaba akiwa kimya, sembuse akiimba.

"Nimenenepa tu, dada Atupele."
Kweli amenenepa, mtu asiyemaliza bakuli la uji.
Viganja vyake barafu.
Masweta mawili na kitenge juu yake
siku ambayo mimi nimefungua mlango nipate hewa.
Nywele, anasema, zinabaki kwenye chanuo
tangu azaliwe huyu mtoto wa tatu.
Na mwalimu amemshusha sauti ya pili,
eti anaivuta sauti kama mvivu.

Nikamuuliza chumvi. Wateja siwaulizagi chumvi.
"Ya mawe, ya gunia, tunaitwanga wenyewe,
ile ya pakiti yenye madini joto ni bei."
Na mama yako?
"Mama alikuwa na rovu. Na shangazi.
Rovu la kwetu halina neno, ni la ukoo."

Nikanyamaza, pini zikiwa mdomoni.
Mama yangu tunayo picha yake moja:
jua kali, watu wote wamekunja macho,
yeye kajifunga mtandio mpaka kidevuni.

Alhamisi nikafunga kibanda, nikamsindikiza.
Nesi Tumpale akampa kikombe cha maji:
"Inua kidevu. Meza."
Kitu kikapanda, kikashuka,
kama kiazi ndani ya mfuko.
"Hiyo ni tezi," akasema, akaichora nyuma ya kadi,
mbawa mbili na kifundo katikati,
nami nikaona tai ya kipepeo
niliyomshonea bwana harusi wa Kiwira.
Kumbe sote tunazaliwa tumeivaa.

"Si kila uvimbe ni jambo kubwa," akasema,
"lakini haupimwi kwa kusubiri.
Wengi wananiletea shingo
ikiwa ugali haupiti tena."
Damu ikaenda Mbeya. Majibu wiki mbili.
Subilaga akauliza kama Pasaka ataimba.
Hakuuliza lingine.

Kisha nesi akanitazama mimi.
"Na wewe fundi, mbona kadi inatetemeka?"

Nilidhani ni macho,
uzi kukataa tundu la sindano.
Nilidhani ni umri,
jasho kunitoka usiku wa baridi ya Rungwe.
Sketi zangu zilianza kushuka, nikazipunguza,
nikazipunguza tena,
nikajisifu kwamba mkono wangu bado mwepesi.
Na moyo, huu unaokimbia nimekaa,
kama gurudumu la cherehani mkanda ukikatika,
huo nilimwambia nani?

Nikamjibu: nitarudi Jumatatu.
Akaandika Jumatatu. Akapiga mstari chini yake.

Leo usiku nimewasha taa ya kibanda.
Kioo cha wateja, kikombe cha maji.
Nimefungua daftari: shingo za Katumba, za Masoko,
za wazee wa kanisa, hata ya marehemu katekista,
miaka kumi na sita ya shingo
na yangu haimo.

Nainua kidevu. Nameza.
Nazungusha futi, vidole havitulii,
inasoma kumi na tatu na nusu,
nikirudia, kasoro kidogo.
Naandika zote mbili,
kwa penseli,
na pembeni: Jumatatu.